Kwa Nini Jino la Utoto Hurushwa Paani

Sogeeni ndani, wajukuu zangu. Mvua ya leo haina haraka, na mimi pia sina haraka. Mshai, wewe kaa hapa mbele yangu. Usilie. Hakuna atakayekunyang'anya jino lako. Mama yako ameniambia amelikuta umelifunga kwenye pindo la leso ya marehemu bibi yako, na ulipoulizwa ukasema hutaki lirushwe paani kama meno ya wenzako. Ulisema utalitunza, ili bibi akirudi akukute ungali yule mdogo wake aliyekuwa akimbeba mgongoni.

Nimekuelewa. Tangu tulipomzika bibi yenu, mimi pia kuna asubuhi naamka nikitamani kuwa popote pale isipokuwa hapa nilipo. Mungu anajua. Lakini hilo unalotaka kulifanya kuna mtu alilifanya kabla yako, na nitawaeleza yaliyomfika. Niliambiwa na mama yangu, naye aliambiwa na mama yake, na wote wawili walikuwa wacha Mungu, hawakuzoea kutia chumvi katika maneno. Mkiona hofu, msione haya. Mimi niliposimuliwa nilikuwa mkubwa kuliko ninyi, na niliogopa.

Wakati ambao nyumba zote za milima hii zilikuwa za nyasi, na ukungu ulikuwa ukishuka mpaka mlangoni mchana kweupe, jino la mtoto halikurushwa popote. Mama ndiye aliyelitunza. Kila mtoto alikuwa na kibuyu chake kidogo, kisichozidi ngumi ya mkono, chenye kizibo cha mti, kikining'inia juu ya jiko mahali moshi unapopita. Jino likitoka, mama alilipokea kwenye kiganja, akalipuliza, akalitia kibuyuni. Hakuna aliyekigusa kibuyu kile ila yeye. Hata mtoto mtundu, yule wa kudokoa asali, hakuthubutu. Watu walikuwa wakiamini kwamba utoto wa mtu haufi anapokua, bali hutoka mwilini ukaingia mle kibuyuni, na mle hukaa ukiwa hai.

Mama akifariki, alizikwa na vibuyu vya watoto wake. Hivyo ndivyo mambo yalivyopangwa wakati huo: aliyekupa utoto ndiye aliyeondoka nao. Mtoto wa marehemu, hata kama ana mvi, alishuka kaburini yeye mwenyewe, akakitikisa kibuyu ili watu waliosimama juu wasikie meno yakigongana, kisha akakiweka katika mkono wa kuume wa mama yake. Mzee wa ukoo aliuliza kutoka juu, "Umempa?" Naye akajibu, "Nimempa." Hapo ndipo udongo ulipoanza kurudishwa. Mtu huyo alipanda kutoka kaburini akiwa mtu mzima kamili, asiye na pa kurudi, akaenda zake kulea wanawe.

Basi, alikuwapo mwanamke aliyeitwa Wakesho. Baba yake alikufa kabla hajamjua, akalelewa na mama yake peke yake, Mghoi, katika nyumba ndogo iliyokuwa juu kabisa ya mteremko. Hakuwa na ndugu. Mama yake hakumwita Wakesho, alimwita Kinda, kama kinda la ndege, na hata alipokwisha kuolewa na kuzaa bado aliitwa hivyo. Aliolewa karibu, chini kidogo ya mteremko huo huo, na mwanamume aliyeitwa Righa. Haikupita siku asipande kwenda kwa mama yake. Righa alikuwa akimtania mbele ya watu: "Ng'ombe wangu niliwatoa bure. Huyu mwanamke hakuolewa, anakuja kwangu kulala tu."

Walikuwa na mtoto mmoja, msichana, jina lake Saru. Wakati wa mambo haya Saru alikuwa katika umri wako, Mshai. Meno mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka, na jipya moja lilikuwa limeanza kuchungulia kwenye ufizi. Alikuwa mtoto wa maneno mengi. Aliuliza maswali mpaka bibi yake, Mkawasi, mama wa Righa, akawa anajifanya amelala.

Mghoi akaugua kifua, akafa msimu wa kiangazi.

Wakesho hakulia kama watu walivyotazamia. Alikaa kimya jikoni kwa mama yake, akitazama kile kibuyu juu ya jiko. Aliwaza kwamba kesho kitaingia ardhini, na baada ya hapo hakutakuwa na mtu yeyote chini ya mbingu aliyemjua yeye akiwa mdogo. Hakuna atakayemwita Kinda. Wazo hilo lilimtia hofu kuliko kifo chenyewe. Basi akafanya kosa. Alichukua kibuyu kingine cha kadiri ile ile, kilichokuwa cha kuwekea mbegu, akaacha ndani yake punje chache za mahindi. Chake halisi akakificha chini ya majivu ya zamani, pembeni mwa jiko.

Siku ya mazishi alishuka kaburini akakitikisa kibuyu. Punje ziligongana, na watu wakasikia meno. Mzee akauliza, "Umempa?"

Wakesho alikuwa bado anavikunja vidole vya mama yake juu ya kibuyu.

"Umempa, mwanangu?"

"Nimempa," akasema. Na udongo ukarudishwa.

Matanga yalipokwisha, nyumba ya Mghoi ikabaki tupu. Righa alisema ibomolewe, nyasi zake zikafae banda la mbuzi, lakini Wakesho aliomba iachwe kidogo. Mchana, wengine wakiwa shambani, alipanda huko, akawasha moto mahali mama yake alipokuwa akiuwasha, akaketi. Siku moja ukungu ulikuwa mzito, na nyumba imekuwa giza kama jioni. Akakitoa kibuyu majivuni akakitikisa, kusudi tu asikie sauti yake. Meno yaligongana. Kisha kutoka mle ndani, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeita akiwa ng'ambo ya bonde, akasikia: "Kinda."

Angekuwa na busara angekitupa akakimbia. Badala yake akachomoa kizibo. Jino moja likadondoka kiganjani mwake, na lilikuwa na joto, kana kwamba limetoka kinywani sasa hivi. Akaliweka chini ya ulimi.

Akawa msichana mwenye mzigo wa kuni kichwani, amesimama mlangoni pa nyumba hiyo hiyo, na ndani mama yake anasonga ugali. Mama yake aligeuka, akaona anachechemea. "Njoo hapa, Kinda. Umekanyaga nini tena, wewe?" Akamkalisha, akaupakata mguu wake, akamtoa mwiba, na mikono yake ilinuka moshi na majani ya maboga. Wakesho alitaka kusema mengi, akaishia kulia. Mama yake akadhani ni mwiba. "Umekwisha," akamwambia, "umekwisha kutoka."

Alipozinduka alikuwa ameketi pale pale. Moto ulikuwa umezimika na majivu yamepoa. Jino lilikuwa limeyeyuka kinywani.

Aliteremka kwenda kwake akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu msiba. Lakini mbwa wao alimbwekea kwenye lango kama anavyombwekea mgeni, manyoya yamesimama. Na jioni, alipokuwa akimlisha Saru, aliona kwamba lile jino jipya, lililokuwa limeanza kuchungulia, halipo. Halikuvunjika. Ufizi ulikuwa laini, umefunga, kama vile jino halijawahi kuanza kuota.

Wakesho aliona. Akageuza uso, akasema ni mwanga mdogo.

Akarudi tena kwa mama yake, kisha tena. Meno yalitoka kibuyuni kwa mpangilio, lililotangulia kutoka likiwa lile lililong'oka mwisho, hivyo kila mara alikwenda mbali zaidi nyuma. Alikuwa mdogo, kisha mdogo zaidi. Alisukwa nywele. Aliogeshwa kwenye jiwe nyuma ya nyumba. Alilala mgongoni kwa mama yake akisikia sauti yake ikipita mgongoni humo, ya kunguruma, anapozungumza na majirani.

Jambo moja lilimsumbua. Mama yake alisema yale tu aliyoyasema siku ile. Safari moja Wakesho alijaribu kumwuliza, "Mama, unajua kwamba umekufa?" Mama yake akacheka, akasema, "Lete huo mwiko, usiuchezee." Alikuwa akimjibu mtoto wa siku ile, ambaye bila shaka aliuliza kitu kingine. Hata hivyo siku ya pili alirudi.

Na huku chini ya mteremko, Saru alikuwa anapungua.

Kwanza yalimpotea maneno. Alianza kuuliza kijiko kinaitwaje. Alianza kusema kwa kigugumizi cha mtoto mdogo, na watoto wa jirani wakamwimbia nyuma ya ua: "Kibogoyo, kibogoyo, mpeni uji!" Kisha nguo zake zikawa zinamvuka mabegani. Kisha akawa hawezi kuvuka kizingiti bila kushikwa mkono. Mkawasi alimpima kwa macho kila asubuhi kama mtu anayepima unga ghalani, na siku moja akamwambia mkwewe waziwazi:

"Wakesho, watoto wa wenzako wanakwenda mbele. Huyu wako anakwenda wapi?"

"Anaumwa, mama. Atapona."

"Ugonjwa hupunguza nyama. Haupunguzi mifupa."

Righa alikwenda kwa waganga, alikwenda kwa wazee wanaojua kuomba, alichinja kondoo. Hakuna aliyeona chanzo. Na Wakesho je, alijua? Mama yangu alipofika hapa alikuwa akisema: alijua. Mtu hujua. Alikuwa anajua kama unavyojua kwamba maziwa yamo jikoni yanachemka, nawe umekaa nje unazungumza. Mtoto amefungwa kwa mama yake kwa kamba asiyoiona mtu. Mama akitembea kwenda nyuma, kamba inavuta. Na mtoto ana njia fupi ya kurudi nyuma kuliko mama yake. Wakesho alikuwa na miaka mingi ya kurudi. Saru alikuwa na michache tu, na mwisho wa michache hiyo hakuna kitu.

Mvua za masika zikaanza. Righa alipanda kwenda kupalilia kaburi la mkwewe, maana majani yalikuwa yameota. Katikati ya majani aliona mmea uliosimama peke yake, wa kijani kibichi, umechomoza upande wa kuume wa kaburi, pale mkono wa marehemu ulipo. Ulikuwa mhindi. Hakuna mtu anayepanda mahindi kaburini. Akaushika akaung'oa, na mizizi yake ikaja na kipande cha kibuyu kilichooza, chenye punje mbili zilizopasuka.

Mama yangu alisema Righa alibaki amepiga magoti, mhindi mkononi, na mvua inampiga, mpaka akili yake ikamaliza kuunganisha mambo. Kisha akashuka mbio.

Nyumbani alimkuta mama yake ameketi sakafuni, na kitu kidogo kimefunikwa kwenye leso mapajani mwake. Saru hakuwa tena mtoto wa kutembea. Hakuwa hata wa kutambaa. Kichwa chake kilikuwa kimelegea shingoni, macho hayashiki kitu, na juu ya kichwa, mahali ambapo mfupa ulikuwa umefunga miaka mingi iliyopita, utosi ulikuwa umefunguka. Ulikuwa unapiga, unapanda na kushuka, laini. Na alikuwa analia kile kilio chembamba cha mtoto aliyezaliwa jana.

"Mkeo yuko wapi?" Mkawasi akauliza. "Righa, mwanangu, huyu akipungua tena hana pa kwenda. Mkeo yuko wapi?"

Wakamfunika mtoto, wakapanda mteremko katika ukungu, Mkawasi akitangulia na mtoto, hakumruhusu mtu mwingine ambebe.

Wakesho alikuwa kwa mama yake. Katika kibuyu lilikuwa limebaki jino lililong'oka kwanza kabisa, pamoja na vipande vidogo vya meno yaliyovunjika yakitoka. Alikuwa ameliweka lile la kwanza chini ya ulimi. Walimkuta kaketi mbele ya jiko lililopoa, macho wazi, amekunja magoti, na kidole gumba kinywani.

Alikokuwa yeye kulikuwa na jua. Alikuwa amelala kwenye paja la mama yake, ladha ya damu kinywani, na mama yake amelishika jino dogo kwenye kiganja, anataka kulipuliza. Alikuwa anasema, "Umeona, Kinda? Halikuuma." Akainua kichwa. Hilo halikuwa jambo la siku ile.

"Nani analia?" akauliza.

"Hakuna mtu, mama," Wakesho akasema.

"Mtoto analia. Mchanga kabisa. Mtoto wa nani huyu?"

Wakesho alikuwa anasikia. Alikuwa amesikia kwa muda. Akauficha uso wake kwenye nguo za mama yake. Lakini mama yake alimshika kidevu, akamwinua uso, akamtazama, na Wakesho akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona maishani. Aliona mama yake akimwogopa.

"Haya si macho ya mwanangu," Mghoi akasema. "Haya ni macho ya mwanamke. Wewe ni mama wa mtu. Mtoto wako umemwacha wapi?"

"Mama, niache nikae. Kidogo tu."

"Analia, nawe umelala pajani mwangu?"

"Mama, huko hakuna anayeniita Kinda."

Mghoi, ambaye hakuwahi kumsukuma, hata siku moja, hata kwa hasira, aliweka mikono yote miwili kifuani pa binti yake akamsukuma kutoka pajani. "Toka," akasema, na machozi yalikuwa yanamwagika. "Toka nyumbani kwangu. Nenda kamchukue."

Wakesho akaanguka. Jino likamtoka kinywani likadondoka kwenye majivu, na yeye akawa sakafuni katika nyumba yenye giza, mtu mzima, na Mkawasi amepiga magoti kando yake, amemweka mtoto sikioni pake alie.

Alimchukua. Alifungua nguo akamweka Saru kifuani, na kwa rehema za Mungu maziwa yalikuja, ambayo hayakuwa yamekuja miaka na miaka.

Sasa msidhani mambo yaliishia hapo. Kibuyu bado kilikuwapo, na ndani yake mlikuwa na lile jino la kwanza, walilolichambua majivuni, pamoja na vile vipande. Kaburi haliwezi kufunguliwa tena. Likishafungwa ni la Mungu. Righa akavitia vyote motoni. Kibuyu kiliteketea, lakini jino na vipande vilitoka vyeupe kuliko vilivyoingia. Mkawasi akataka vitupwe mtoni, kisha mwenyewe akakataa, akasema huko chini watoto wa watu wanakunywa. Basi Righa akavizika chini ya kizingiti cha nyumba yake, akapigilia udongo kwa jiwe.

Keshoye mchana walimkuta Wakesho amepiga magoti mlangoni, anachimba kwa kucha. Saru alikuwa amelazwa chini kando yake, analia, na utosi wake unapiga. Vidole vya Wakesho vilikuwa vinatoka damu. Righa alipomshika mkono, alishtuka, akaangalia shimo, akauliza, "Nani amechimba hapa?"

Hapo ndipo alipoogopa kweli. Aliogopa mikono yake mwenyewe. Akawaambia mumewe na mama mkwe wake: "Mahali popote ninapopajua nitapafuata. Yatupeni mahali nisipopajua. Tena pawe mahali ambapo, nikitaka kupafikia, itabidi nibomoe nyumba juu ya kichwa cha Saru."

Walitazamana. Kisha Mkawasi akatazama juu, kwenye paa.

Wakamtoa nje. Alimfunga Saru kifuani, si mgongoni, ili uso wa mtoto uwe mbele ya uso wake. Akasimama uani, akaipa nyumba kisogo. Righa akamwekea meno yale kiganjani, na watu wa nyumba zote za mteremko walikuwa wametoka, wamesimama mbali, hakuna aliyekohoa. Wakesho akamwomba Mungu, akafumba macho, akayarusha nyuma kupita juu ya kichwa chake.

Yaliangukia kwenye nyasi za paa, yakitawanyika, kwa sauti kama matone ya kwanza ya mvua. Kisha kutoka juu ya paa, waziwazi, wote wakisikia, sauti ikaita: "Kinda."

Shingo ya Wakesho ilikakamaa. Righa alimwona akikaza vidole vya miguu ardhini. Hakugeuka. Sauti ikaita tena, ya mama yake kabisa, ya upole, kama mtu anayeita mtoto aje ale: "Kinda, njoo." Watu wazima waliokuwapo walilia kwa woga. Wakesho alimtazama Saru usoni, akasema kwa sauti ndogo, "Mama yangu alinifukuza. Wewe si mama yangu." Akapiga hatua kwenda mbele, kisha nyingine, mpaka akatoka langoni.

Haikuita tena.

Saru aliishi, wajukuu zangu, lakini hakurudishiwa alichonyang'anywa. Alianza kukua kutoka pale alipofika. Wakesho alimlea upya, tangu kukaza shingo, tangu kutambaa. Wale watoto waliomwimbia kibogoyo walikua wakaoa na kuolewa, yeye bado anang'oka meno ya utoto. Maneno mengi na maswali ya mwanzo hayakurudi. Alikuja kuwa mtoto mkimya, na Wakesho peke yake ndiye aliyembeba moyoni yule Saru wa kwanza, mpaka alipokufa. Hilo hakuwahi kusamehewa na nafsi yake, ingawa naamini Mungu alimsamehe.

Ilipofika siku ya Saru kung'oka jino la kwanza kwa mara ya pili, Wakesho hakutafuta kibuyu. Alimshika mkono akamtoa uani, akamgeuza aipe nyumba kisogo, akamwambia, "Rusha. Halafu twende mbele, usiangalie." Majirani wakaona. Wenye watoto wakaenda kufanya vivyo hivyo, na vibuyu vya meno vikashushwa kutoka juu ya jiko katika nyumba zote, yaliyokuwamo yakarushwa.

Na tangu siku hiyo, katika milima hii, mama hatunzi jino la mtoto. Mwenye jino hulirusha paani mwenyewe, amegeuka, hatazami lilikoangukia, wala halitafuti, kwa sababu anayetaka kuurudia utoto wake atalazimika kuibomoa nyumba wanayolala watoto wake. Na tangu siku hiyo pia, jino likitoka, ulimi hauachi kwenda pale lilipokuwa. Jaribu, Mshai. Unaona? Unakwenda wenyewe, unakuta pengo, unarudi. Kiasi hicho tumeruhusiwa. Mimi mkono wangu unakwenda hivyo kila asubuhi, upande wa kitanda alipokuwa akilala bibi yenu.

Mvua imepungua. Leso baki nayo, mjukuu wangu. Hiyo ni kitambaa, itachakaa pamoja nawe. Lete jino tutoke.

Simama hapa. Geuka. Paa letu sasa ni la mabati, utalisikia likigonga, na huenda likateleza likaanguka uani. Likianguka, usilitafute.

Unasema nini? Na bibi akiita?

Akiita usigeuke. Bibi yako alikubeba mgongoni ili siku moja utembee. Huyo atakayekuita urudi nyuma, hata akiwa na sauti yake, si yeye.

Nimesimama nawe, na mimi pia nimelipa paa kisogo. Nipe mkono huo mwingine. Haya, rusha.

Sasa twende mbele.